Ajira Katika Ofisi ya Wanywaji: Tuulize Nini Kabla ya Kusaini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila anayefuata uongofu wake mpaka Siku ya Mwisho. Ama baada ya hayo:



UTANGULIZI

Somo la mwaka huu tuliletewa barazani. Jumamosi moja baada ya Alasiri alitujia kijana aliyekhitimu Qur'an hapa hapa madrasa, kisha akaenda kusoma stashahada ya uhasibu mjini. Mkononi alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumuita kazini katika kampuni moja inayotoa mizigo bandarini. Mshahara ulioandikwa ulikuwa zaidi ya mara tatu ya kile alichokuwa akipata kwa kufundisha tuisheni mtaani. Juu yake kulikuwa na bima ya afya, na baba yake kijana huyu anaumwa kisukari.

Tulimpa hongera. Yeye hakufurahi. Akasema: "Ustadhi, siku ya usaili nilikaa mapokezi karibu saa nzima. Friji ya pale ofisini ina maji juu na bia chini. Dada wa mapokezi akaniambia kila Ijumaa jioni wanashuka wote baa ya jirani, bosi anatoa ofa, na asiyeshuka anaonekana anaringa. Sasa niende au nisiende?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimuomba arudi Jumanne. Sababu ya kumchelewesha ni kwamba miaka kadhaa nyuma kijana mwingine alituuliza swali hili hili, akiwa amesimama mlangoni, nasi tuna haraka ya kuingia darasani. Tulimjibu kwa neno moja tu: "Nenda mwanangu, dini iko moyoni." Akaenda. Mwaka wa kwanza alikuwa akikaa nao na soda yake. Mwaka wa pili tukaacha kumuona katika Isha. Yaliyofuata hatuyaandiki, kwa sababu aibu ya Muislamu hufunikwa, nasi bado tunamuombea. Lakini tumejifunza kwamba swali la namna hii halijibiwi mlangoni, wala halijibiwi kwa neno moja.

Kwa hiyo tuliyomweleza kijana wetu siku ile ya Jumanne, na aliyotufundisha yeye baadaye, ndiyo tunayowaandikia hapa.

HUKUMU YA POMBE KWA UFUPI

Hatutarefusha hapa, maana wanafunzi wa darasa la Fiqhi wanalijua vizuri. Pombe haikuharamishwa siku moja. Kwanza Mwenyezi Mungu (s.w.) alitaja katika Suratun-Nahl, aya ya 67, kwamba watu hutoa katika mitende na mizabibu kileo na riziki njema, akavitenganisha viwili hivyo. Kisha katika Suratul-Baqara, aya ya 219, akabainisha kwamba madhara ya ulevi na kamari ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 43, akawakataza Waumini kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Mwisho katika Suratul-Maida, aya ya 90 na ya 91, akauita ulevi kuwa ni uchafu na kazi ya shetani, akaamrisha tujiepushe nao.

Tunaomba mzingatie hiyo aya ya 91. Humo Mwenyezi Mungu (s.w.) anaeleza shetani anataka nini kwa pombe. Anataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na anataka kuwazuia wasimkumbuke Mola wao na wasiswali. Mambo haya mawili ndiyo mizani tutakayopimia ofisi huko mbele.

Tukumbuke pia kisa cha Anas bin Malik (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Anas alikuwa kijana, na siku pombe ilipoharamishwa yeye ndiye aliyekuwa mnyweshaji nyumbani kwa Abu Talha (r.a.). Wageni wamekaa, vyombo vimejaa, mara mtu akaja na habari ya kuharamishwa. Abu Talha akamuamuru Anas aimwage. Hakuna aliyesema tumalize kwanza iliyobaki. Vichochoro vya Madina vilitiririka pombe siku ile. Tazameni kwamba Anas hakuwa mnywaji katika kisa hiki. Alikuwa kazini, na amri ile ikamhusu yeye na kazi ya mkono wake.

JE, NI HARAMU KUFANYA KAZI NA WANYWAJI?

Wapo wanaodhani kwamba Muislamu akiajiriwa na asiye Muislamu, au akikaa ofisi moja na wanywaji, basi pato lake lote limeharibika. Hili si sahihi, na limewazuia vijana wetu wengi katika kazi za halali.

Nabii Yusuf (a.s.) aliishika hazina ya nchi ya Misri chini ya mfalme wa watu wasiokuwa na dini yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kazi hiyo, kama tunavyosoma katika Suratu Yusuf, aya ya 55.

Mfano ulio karibu zaidi na swali letu ni wa Swahaba Khabbab bin Al-Arat (r.a.). Khabbab alikuwa mhunzi wa Makka. Alimfanyia kazi Al-As bin Wail, mshirikina na mkubwa katika mji. Kazi ilipokwisha Khabbab akaenda kudai ujira wake. Al-As akamwambia hamlipi mpaka amkufuru Muhammad (s.a.w.). Khabbab akajibu kwamba hatafanya hivyo hata Al-As afe kisha afufuliwe. Al-As akafanya mzaha, akasema basi angoje, akifufuliwa atakuwa na mali na watoto, na hapo atamlipa. Ndipo zikateremka aya za Suratu Maryam, kuanzia ya 77. Kisa hiki amekipokea Bukhari.

Mafunzo yake ni mawili. La kwanza, Khabbab alimfanyia kazi mshirikina na kazi ile haikuwa haramu, kwa kuwa uhunzi ni kazi ya halali. La pili, Khabbab alijua mpaka wake kabla ya kwenda kudai fedha. Lilipokuja sharti baya hakuanza kupiga hesabu ya kiasi gani anadai. Mpaka ulikuwa umeshawekwa zamani.

Hapa ndipo ulipo moyo wa somo letu: mpaka huwekwa kabla ya mshahara. Ukishapokea mshahara wa miezi sita, umeshapanga nyumba, umeshaahidi ada ya mdogo wako, umeshakopa kiwanja, basi mpaka utakaouweka utafuata mshahara wako. Utauweka pale usipokugharimu kitu.

KAZI ZIKO ZA NAMNA TATU

Kijana akituletea barua ya kazi, tunamuomba kwanza atambue kazi yake iko katika fungu gani.

Fungu la kwanza: kazi ambayo yenyewe ni pombe. Bia ya kiwandani si jambo geni mjini kwetu. Ilikuwa tayari ikitengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya 1930, na leo viwanda vipo Ilala na Chang'ombe. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi, amewataja watu 10 waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Wamo anayeikamua na anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba na anayebebewa, anayeinywesha, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Mnywaji ni mmoja tu katika hao 10. Basi kuipika, kuiuza baa, kuisambaza kwa lori au kuitangaza, hata kama mwenyewe hagusi tone, kumeingia humu. Katika fungu hili hakuna haja ya kuuliza mshahara ni kiasi gani.

Fungu la pili: kazi ya halali iliyotiwa jukumu la pombe ndani yake. Ndugu zetu wa Zanzibar wamekuwa na swali hili kwa miaka mingi kwa sababu ya hoteli za kitalii za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Kijana anaajiriwa kutandika vitanda au kutunza bustani, na hilo ni halali. Baada ya mwezi anaambiwa ashike sinia apeleke vinywaji ufukweni. Ofisini nako ni hivyo hivyo. Karani anatumwa kununua kreti kwa ajili ya sherehe, katibu anaambiwa aandae meza ya wageni, mhasibu anashika fedha za kulipia baa. Hapa kazi haijaharamika yote, lakini jukumu lile moja ni haramu. Ni lazima liondolewe, na lisipoondoka kazi iachwe.

Fungu la tatu: kazi ya halali, majukumu ya halali, lakini wenzako ni wanywaji. Wanakunywa baada ya kazi, au wanakunywa penye sherehe. Wewe hunywi, hununui, humimini. Kazi hii kwa asili yake inajuzu. Kinachobaki ni kuitazama ile meza.

MEZA INAVYOMVUTA MTU

Ipo hadithi waliyoipokea Tirmidhi na Ahmad ambamo Mtume (s.a.w.) anamkataza mwenye kumuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Vijana hutuuliza: "Ustadhi, mimi nakunywa soda tu, kuna ubaya gani?" Jibu la kwanza ni hadithi hiyo, nayo inatosha. Lakini ni vyema pia tueleze jinsi meza yenyewe inavyofanya kazi, maana anayekijua kisima hatumbukii.

Kwanza, meza ina saa yake. Watu wa mjini hutoka kazini saa 11 jioni. Magharibi ya Dar es Salaam huingia saa 12 na dakika kadhaa, na haina muda mrefu. Aliyekaa mezani saa 11 na nusu ataisikia adhana akiwa hapo, huku mwenzake anasimulia jambo na bosi anacheka. Kuinuka wakati ule kunahitaji moyo. Akikosa kuinuka mara ya kwanza ataumia, mara ya tano hataumia tena. Na huyu anakaa Chanika. Mpaka apite Barabara ya Nyerere na foleni yake, Gongo la Mboto na Pugu, Isha imempita barabarani na watoto wamelala. Haya ndiyo aliyotueleza Mwenyezi Mungu (s.w.) katika aya ya 91 ya Suratul-Maida, na yote yamempata mtu ambaye hajaonja kitu.

Pili, meza ina ofa. Leo bosi analipa, kesho mhasibu, keshokutwa ni zamu yako. Ukinywa soda za wenzako wiki nne, wiki ya tano utaona haya kutotoa. Ukitoa, umeinunua, na mnunuzi ni mmoja katika wale 10.

Tatu, meza ina habari. Hili ndilo linalowavuta zaidi watu wenye akili. Mambo ya ofisi husemwa pale: nani atapandishwa cheo, mteja gani anakuja, nani kamuudhi nani. Anayekwenda nyumbani anajikuta Jumatatu hajui lililoamuliwa Ijumaa. Wajapani, ambao sifa yao katika kazi inajulikana dunia nzima, wana desturi ya kunywa pamoja baada ya kazi wanayoiita nomikai, na kwa miaka mingi imekuwa vigumu kwa mfanyakazi mdogo kuikataa. Basi tatizo hili halikuanzia hapa kwetu, wala halitukabili Waislamu peke yetu.

Nne, meza ina uadui. Watu wanaanza na kicheko, wanamalizia na maneno ambayo hayafutiki. Hata wasio Waislamu wameliona. Mwaka 2017 soko la bima la Lloyd's la London, ambako unywaji wa mchana ulikuwa mazoea ya siku nyingi, lilipiga marufuku wafanyakazi wake kunywa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Uongozi wake ulieleza kwamba karibu nusu ya mashauri ya nidhamu na malalamiko ya kazini ya mwaka uliotangulia yalihusiana na ulevi. Nalo Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Sisi tulikwishaambiwa tujiepushe kabla ya vipimo hivyo, lakini mwenye macho na aone.

Mtume (s.a.w.) amempigia mfano rafiki mwema na rafiki mbaya kwa muuza miski na mfua vyuma, kama alivyopokea Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Ukikaa kwa mfua vyuma, kama nguo haikuungua basi utaondoka na harufu. Nasi katika Kiswahili tunasema ukikaa karibu na waridi utanukia. Kila mtu achague anakaa na nani baada ya saa 11 jioni.

MASWALI MATANO KABLA YA KUSAINI

Baada ya kumueleza kijana wetu hayo, tulimwambia: "Hujui bado uko fungu la pili au la tatu. Nenda kaulize." Akaona haya. Akasema atakayeuliza maswali ya dini siku ya kuitwa kazini ataonekana mkorofi. Tukamwambia aulize kwa adabu, kama mtu anayetaka kuijua kazi yake. Tukamuandikia maswali matano:

1. Majukumu yangu ni yapi, kwa maandishi? Je, ndani yake mna kununua, kubeba, kuandaa au kulipia vinywaji vya ofisi au vya wateja?

2. Mikutano ya jioni ni hiari au ni sehemu ya kazi? Asiyehudhuria anahesabiwa vipi?

3. Ipo michango ya kila mwezi ya sherehe? Naweza kutoa mchango wangu kwa ajili ya chakula, msiba au mgonjwa badala ya vinywaji?

4. Nitapata nafasi ya kuswali Adhuhuri na Alasiri, na ya kwenda Ijumaa?

5. Yupo mfanyakazi mwingine asiyekunywa hapa, na amedumu muda gani?

Swali la tano ndilo kubwa. Meneja anaweza kukupa jibu zuri kwa manne ya mwanzo, lakini mtu aliyekaa pale miaka minne bila kunywa, na akapandishwa cheo, ni ushahidi. Na ikiwa wote wasiokunywa waliondoka ndani ya mwaka mmoja, huo nao ni ushahidi. Mtafute, hata kama ni mlinzi wa getini.

Tujue pia kwamba sheria ya nchi haimuachi mfanyakazi hivi hivi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuabudu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, nazo zinahitaji makubaliano na malipo yake. Basi kikao cha baa ama ni kazi au si kazi. Kama ni kazi, kiandikwe katika mkataba ili ujue unachosaini. Kama si kazi, mtu asihukumiwe kwa kutokuwepo. Lakini tusijidanganye, sheria inaweza kukulinda usifukuzwe, haiwezi kumlazimisha bosi akupende. Kwa hiyo uliza mapema.

NENO LA SIKU YA KWANZA

Tuseme majibu yamekuwa mazuri, na kazi ni ya fungu la tatu. Bado lipo la kufanya. Siku ya kwanza wenzako wakikualika, waambie kwa uso mkunjufu: "Mimi ni Muislamu, sinywi na sikai penye pombe. Ila chakula cha mchana tutakula pamoja." Usiseme una dawa unakunywa, usiseme tumbo linauma, usiseme mke anakusubiri. Uongo wa siku ya kwanza utadaiwa siku ya pili, na watakualika tena tumbo likipona. Ukisema kweli, watakucheka wiki mbili, wiki ya tatu watakuzoea, na mwezi wa tatu wao wenyewe watamwambia mgeni kwamba huyu hanywi.

Kisha lipa kilichobaki kwa mwenendo wako. Wahi kazini. Maliza kazi yako. Mwenzako akifiwa uwe wa kwanza kufika. Usiwe mtu wa kuwatukana wanywaji wala kuwasema nyuma yao, maana dini yetu imetuepusha na pombe na imetuepusha pia na kiburi. Asiyekwenda baa akiwa mchapakazi na mwenye huruma, watu husema dini yake imemfaa. Akiwa mvivu na mwenye kununa, watu husema dini yake imemharibu, na dhambi ya maneno hayo anayo sehemu yake.

ISTIKHARA NA SHURA

Yakikusanyika majibu, kijana aswali swala ya Istikhara, ambayo Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha Maswahaba kama anavyowafundisha sura ya Qur'an. Angalizo: Istikhara huswaliwa katika mambo ya halali yanayotatiza. Kazi ya fungu la kwanza haina Istikhara, jibu lake limeshatolewa. Wala asingoje ndoto. Aombe, ashauriane na wazazi na wenye elimu, kisha aazimie.

Na pale mambo yanapobaki na shaka, tuirejee hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) katika Bukhari na Muslim: halali iko wazi, haramu iko wazi, na baina yake mna mambo yenye kutatiza. Anayejiepusha nayo ameisalimisha dini yake na heshima yake.

Kuna ndugu zetu ambao tayari wako ndani ya kazi za namna hii na wana familia zinazowategemea. Hatuwaambii waache kesho asubuhi bila mpango, kila mmoja na hali yake. Aliye fungu la tatu aondoke mezani, abaki kazini. Aliye fungu la pili aombe kubadilishiwa jukumu, tena kwa barua. Aliye fungu la kwanza aanze leo kutafuta mlango mwingine, na awaeleze mashekhe hali yake yote bila kuficha, wamuongoze.

KIJANA WETU ALIPATA JIBU GANI?

Alirudi baada ya siku tatu. Meneja alimpokea vizuri na akamjibu kwa uwazi, na kwa uwazi huo tunamshukuru. Alimwambia kwamba kunywa si lazima, ila mhasibu wa dawati lile ndiye anayeshika fedha za Ijumaa na fedha za kuwakirimu wateja. Analipa baa, anakusanya risiti, anaziingiza vitabuni. Kijana akauliza kama kazi hiyo moja inaweza kupewa mwingine. Akaambiwa haiwezekani, kwa kuwa ni kazi ya dawati. Basi ikawa fungu la pili, na jukumu halikuondoka.

Akakataa kazi.

Hatuwaandikii haya ili tuseme kwamba wiki iliyofuata alipata kazi bora zaidi. Hakupata. Alikaa miezi saba akiendelea na tuisheni. Sasa anatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Chanika, kwa mshahara ambao haufiki nusu ya ule. Magharibi anaswali nasi. Dawa za baba yake bado ni mzigo. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameahidi katika Suratut-Talaq, aya ya 2 na ya 3, kwamba mwenye kumcha atamtengenezea njia ya kutokea na atamruzuku kwa namna asiyoitazamia, na ahadi ya Mwenyezi Mungu ni ya kweli. Lakini hakuahidi kwamba itakuja mwezi tunaoutaka sisi.

Siku aliyotuambia amekataa, tulifurahi. Kisha mmoja wetu akauliza: "Na dawa za mzee je?" Tukanyamaza. Hapo tukatambua kwamba tumempa kijana hukumu na tumemuachia gharama peke yake. Tangu mwezi ule walimu na wazazi wachache wamekuwa wakichanga kidogo kila mwezi kwa ajili ya dawa zile. Si kingi. Lakini jamii inayomwambia kijana "acha" kisha ikamuacha, imefanya nusu ya kazi yake, na nusu iliyobaki shetani ataimalizia.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, mtoto akirudi na barua ya kazi msiulize mshahara peke yake. Muulizeni kazi yenyewe ni ipi, anatoka saa ngapi, anakaa na nani. Akikataa kazi kwa ajili ya dini yake msimwambie kwamba wenzake wanajenga. Maneno hayo yakitoka kwa mama humuingia kijana kuliko ofa ya bosi. Na nyinyi wenye maduka, karakana na ofisi, Mwenyezi Mungu amekupeni nafasi. Mkihitaji karani au mhasibu, anzeni kuwauliza walimu wa madrasa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja aya nne zinazoonesha hatua za kuharamishwa pombe kwa mpangilio wake.
2. Tunajifunza mambo gani mawili katika kisa cha Khabbab bin Al-Arat (r.a.)?
3. Dada yako ameajiriwa hotelini kutandika vitanda, kisha akaambiwa apeleke vinywaji. Kazi yake sasa iko fungu gani, na afanye nini?
4. Kwa nini Istikhara haiswaliwi kwa kazi ya kuuza pombe?
5. Andika kwa maneno yako neno utakalowaambia wenzako siku ya kwanza kazini. Lisome mbele ya wazazi wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awaruzuku vijana wetu riziki ya halali yenye baraka, awathibitishe pale penye mtihani, amrejeshe kila aliyeteleza, na atusamehe sisi walimu kwa majibu tuliyoyatoa kwa haraka. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.